Oili Chafu Si Dawa ya Mbao

Nimeulizwa tena: mbao za paini zipakwe oili chafu mara ngapi ili mchwa wasizile? Hata mara moja usizipake.

Paini ya Mufindi ni nyepesi, hupigiliwa msumari bila taabu, na ndiyo inayobeba mapaa yetu mengi. Lakini haina sumu ya asili kama iliyomo kwenye kiini cha mninga, hivyo mchwa na kuvu huishambulia upesi. Hapo fundi huleta dumu la oili kutoka gereji, na mwenye nyumba huridhika kwa kuwa mbao imekuwa nyeusi na inanuka.

Weusi na harufu havizuii kitu. Oili iliyopakwa kwa brashi huishia juu juu. Mbao ikikauka na kupasuka, sehemu isiyo na kinga hubaki wazi. Mchwa hujenga njia yao ya udongo juu ya oili hiyo na kuingilia kwenye ufa. Mbao ikiwa mbichi ni vibaya zaidi: maji huchelewa kutoka, kuvu ikanawiri. Rangi haishiki tena. Na oili iliyotumika kwenye injini ina kemikali zinazosababisha saratani, nanyi mnaipaka kwa mikono mitupu! Wala msiniambie wazee walifanya hivyo na nyumba zao zikadumu. Wazee waliojengea kiini cha mninga au mvule walilindwa na mti wenyewe, si na oili.

Dawa ya kweli huingizwa kiwandani. Mbao kavu hufungiwa ndani ya mtungi wa chuma, hewa ikanyonywa, kisha mchanganyiko wa shaba, kromi na aseniki ukasukumwa ndani kwa shinikizo kubwa. Basi ukienda kununua usidanganywe na ukijani wa juu; omba kipande kikatwe katikati, si nchani, uone dawa imefika wapi. Utakapokata mwenyewe, paka dawa ya shaba kwenye ncha. Vipande vinavyobaki usivipikie kamwe, moshi wake una aseniki. Kwa kenchi chini ya bati lisilovuja, mbao iliyochovywa boraksi na kukaushwa inatosha. Nje mvua huiosha dawa hiyo. Nguzo za kibanda zikae juu ya zege, zisiguse udongo. Fremu ya mlango wa nje, nunua kiini cha mninga.