Kwa Nini Mwanafunzi wa Chuo Kikuu Huacha Mapema Ushauri wa Kisaikolojia

Mwanafunzi afikapo kwa mshauri mara moja au mbili, kisha asionekane tena, huandikwa katika daftari neno moja tu: ameacha. Neno hilo hufunika mambo yasiyofanana, na kuyachanganya ndilo kosa la kwanza katika kulichunguza tatizo hili.

Mwaka 1993 Wierzbicki na Pekarik walikusanya tafiti 125 za tiba ya kisaikolojia, wakakuta karibu watu 47 kwa kila 100 waliacha kabla ya wakati. Mwaka 2012 Swift na Greenberg walilinganisha tafiti 669, wakapata wastani wa 20 kwa 100 hivi. Hesabu hubadilika kwa kadiri kuacha kunavyofafanuliwa: huyu huhesabu vikao, yule hufuata maoni ya mshauri. Hata hivyo uchunguzi huo wa pili ulionyesha kwamba vijana huacha zaidi, na kwamba katika zahanati za vyuo vikuu kiasi kilifikia 30 kwa 100.

Baadhi yao hawakushindwa. Talmon, aliyefanya kazi California, aliwauliza wagonjwa 200 waliomwona mara moja tu. Katika kitabu chake cha mwaka 1990 aeleza kuwa 78 kwa 100 walisema wamepata walichokitaka. (Kweli, anayeulizwa na mganga wake mwenyewe huwa mpole.)

Waliosalia ndio wenye kutia wasiwasi. Bordin alieleza mwaka 1979 kwamba mshauri na anayeshauriwa hufungamana kwa mambo matatu: kukubaliana juu ya lengo, kukubaliana juu ya kazi itakayofanywa, na kuaminiana. Mwanafunzi aliyezoea shauri la wazee hutazamia kuondoka na uamuzi. Anakutana na mtu anayenyamaza, anayeuliza habari za utoto wake, wala haelezwi sababu. Ahitimisha kwamba hakupewa kitu.

Katika Kongo jambo hili lina upande wa lugha. Kitivo cha saikolojia kiliwekwa Kisangani mwaka 1971, vyuo vikuu vya nchi vilipounganishwa, na mafunzo hutolewa kwa Kifaransa. Lakini mwanafunzi wa Lubumbashi au Bukavu asemapo «niko na mawazo mingi», hasemi kwamba ana fikra nyingi, jambo ambalo kwa msomi lingekuwa sifa. Asema kuna mzigo unaomnyima usingizi: karo isiyolipwa, mgonjwa nyumbani, msiba usioliliwa. Mshauri anayelitafsiri neno kwa neno atamwuliza anafikiri nini; anayelisikia kwa Kiswahili atamwuliza ni nini kimemlemea. Vivyo hivyo «roho inaniuma»: yaweza kuwa huzuni, yaweza kuwa hasira, na msikilizaji wa haraka atampeleka kupimwa kifua.

Haifuati kwamba Kiswahili kilazimishwe. Wako wanaoona nafuu kulitamka jambo la aibu kwa Kifaransa, kwa kuwa lugha ya darasani huliweka mbali kidogo na ukoo. Aulizwe mwenyewe, na aruhusiwe kuchanganya.

Mitihani, nauli na hofu ya kuonekana mlangoni vina sehemu yao. Siri ina zaidi: pale ambapo mshauri ndiye pia mwalimu atakayesahihisha mtihani, ni mwanafunzi gani atakayeyasema yote?

Katika kikao cha kwanza mshauri anaweza kutaja idadi ya vikao inayotazamiwa na kazi itakayofanywa, na kuomba kwamba anayetaka kuacha aje aseme hivyo mara moja ya mwisho. Daftari nalo ligawanywe: aliyeondoka ametosheka, na aliyeondoka kimya. Huyu wa pili aandikiwe barua iliyofungwa, si kutumiwa mwenzake wa chumbani, kwani akiisha kuamini kwamba hakusikika, hana sababu ya kurudi siku hali yake itakapozidi kuwa mbaya.