Spana ya Momenti na Spoki za Pikipiki

Spoki moja ya pikipiki ni waya mwembamba ambao, ukisimamishwa wima na kukandamizwa, hupinda mara moja. Hata hivyo nyaya 36 za namna hiyo humchukua dereva, abiria na gunia la mahindi juu ya barabara ya makorongo. Siri yake, ambayo Mwingereza George Cayley aliitambua mnamo mwaka 1808, ni kwamba spoki haitumiwi kama nguzo bali kama kamba iliyovutwa.

Mzigo unapopanda, spoki zilizo upande wa chini wa gurudumu hupungukiwa na mvuto. Zikiwa zimekazwa vema, mvuto hupungua tu, hauishi. Spoki iliyolegea huishiwa kabisa, kisha huvutwa tena kwa ghafla katika kila mzunguko. Na gurudumu lenye kipenyo cha sentimita 60 huzunguka zaidi ya mara 500 katika kila kilometa. Metali inayotendewa hivyo hupatwa na uchovu, ikakatika, aghalabu kwenye kona inayoingia kitovuni. Jirani zake hulazimika kubeba fungu lake, nazo hufuata. Kwa abiria aliyeketi nyuma, jambo hili si dogo.

Kifaa kinachosaidia kukaza spoki kwa kipimo ndicho mafundi wanachokiita toki renchi. Hapa kitaitwa spana ya momenti, kwa kuwa kinachopimwa ni momenti, yaani kani ikizidishwa kwa urefu wa mkono wa wenzo. Fundi huweka kipimo kwenye mpini. Kikifikiwa, spana hutoa mlio wa “tiki”, naye hana budi kuacha papo hapo. Kwa spoki za pikipiki kipimo huwa kidogo, mara nyingi kati ya nyutoni-mita 3 na 6. Kitabu cha mtengenezaji ndicho chenye kauli ya mwisho.

Hapa ndipo wengi hudanganyika. Spana haijui mvuto uliomo ndani ya spoki. Inajua tu ugumu wa kuizungusha nati, na sehemu kubwa ya ugumu huo ni msuguano. Kwa makadirio, momenti ni sawa na k × kani ya mvuto × kipenyo cha hesi, ambapo k hutegemea msuguano. Tuchukue momenti ya nyutoni-mita 4, kipenyo cha milimita 4 (yaani mita 0.004) na k ya 0.2. Mvuto utakuwa 4 ÷ (0.2 × 0.004), yaani nyutoni 5,000. Kutu ikipandisha k hadi 0.4, “tiki” ile ile italia wakati mvuto ni nyutoni 2,500 tu. Spana haikukosea, aliyekosea ni mtu aliyeiuliza swali lisilo lake.

Kwa hiyo kazi huanza kwa brashi na tone la mafuta kwenye kila nati, mafuta ya aina moja kwa spoki zote. Nati hulegezwa kidogo kwanza, kisha hukazwa, kwani msuguano wa kitu kilichoganda ni mkubwa kuliko wa kile kinachosogea. Kuanzia penye valvu, hukazwa spoki ya 1, ya 4, ya 7 na kuendelea. Mzunguko wa pili huanza na ya 2, wa tatu na ya 3. Spoki isizidishiwe robo mzunguko kwa mara moja, la sivyo rimu huvutwa upande. Mwishoni gurudumu huzungushwa mbele ya kijiti kilichofungwa imara. Vitabu vingi huruhusu rimu iyumbe kwa milimita 2, si zaidi. Fundi mzoefu pia huzigonga spoki kwa chuma kidogo: iliyolegea hutoa sauti nzito iliyofifia. Sikio hilo lisidharauliwe, maana sauti hutegemea mvuto wenyewe, si kutu ya nati.

Spana nayo ina springi ndani. Baada ya kazi hurudishwa kwenye alama yake ya chini kabisa, lakini isifunguliwe kupita hapo. Haitumiki kulegeza nati zilizoganda, wala haifai kuangushwa. Kiwango cha kimataifa ISO 6789 huelekeza ipimwe upya kila miezi 12 au baada ya kutumika mara 5,000.

Shule yenye jiliwa inaweza kuijaribu kwa njia nyepesi. Kichwa cha spana hubanwa kwenye jiliwa, mpini ukiwa mlalo, na jiwe la kilo 2 hutundikwa katikati ya mshikio. Ikiwa hapo ni mita 0.20 kutoka kichwani, momenti ni 2 × 9.8 × 0.20, yaani nyutoni-mita 3.92. Spana iliyowekwa kwenye 4 itakuwa karibu sana na kutoa mlio, kwa kuwa uzito wa mpini wenyewe huongeza kidogo. Ikikaa kimya hata kwa kilo 3, ipelekwe kupimwa kabla haijagusa gurudumu la mtu.