Kutoka Tungo Ndefu hadi Kibwagizo: Genesis na Njia ya Bagamoyo

Wapenzi wa muziki wa roki wanayo ngano yao moja wanayoipenda sana. Palikuwa na bendi ya Kiingereza iitwayo Genesis, ikitunga mambo mazito. Mwaka 1975 mwimbaji wake, Peter Gabriel, akaondoka. Mpiga dramu, Phil Collins, akashika maikrofoni. Na tangu hapo, eti, sanaa ikatokea mlangoni na biashara ikaingilia dirishani. Ngano tamu, ina shujaa na ina msaliti. Shida ni kwamba miaka yenyewe haikubaliani nayo. Na sisi tunaosoma fasihi katika pwani hii tunayo sababu ya kuichambua, maana kisa hiki kina mlango wake Bagamoyo.

Kwanza fani. Roki progresivu ilisitawi Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1970. Wimbo wake huweza kula upande mzima wa santuri, hubadili mapigo mara kadhaa, husimulia kisa, wala haurudi upesi kwenye kiitikio ili msikilizaji apumzike. "Supper's Ready" ya Genesis (1972) ina dakika zipatazo 23 na sehemu saba. Mwaka 1974 wakatoa The Lamb Lies Down on Broadway, santuri mbili za kisa kimoja.

Msomaji atakumbuka kwamba mwaka huohuo wa 1974 Kezilahabi alitoa Kichomi, na ugomvi wa arudhi na mashairi huru ukapamba moto. Lakini hebu tuangalie vizuri. Kezilahabi alikuwa anavua vina na mizani. Genesis, muda si mrefu, walianza kuvaa. Safari moja, pande mbili tofauti! Kwa hiyo mhakiki anayeshangilia Kichomi kwa kuvunja umbo, kisha akawalaani Genesis kwa kurudi kwenye umbo, inampasa atueleze anapima nini hasa. Je, ni uhuru wa msanii, au ni ugumu wa kazi tu? Nina wasiwasi kwamba wengi wetu tunapima ugumu.

Wala mabadiliko hayakuwa ya siku moja. A Trick of the Tail (1976), albamu ya kwanza bila Gabriel, bado imejaa visa na mizunguko. Mpiga gitaa Steve Hackett akatoka mwaka 1977, wakabaki watatu, na mwaka 1978 "Follow You Follow Me" ukawa wimbo wao wa kwanza kuingia kumi bora Uingereza: mfupi, wa mapenzi, wenye kiitikio ambacho hata mlevi anakishika. Mwaka 1986 "Invisible Touch" ukafika nambari moja Marekani. Hata hivyo, katika albamu hiyohiyo mna "Domino," wenye zaidi ya dakika 10. Tungo ndefu haikufa, ila ilihamishwa chumba cha nyuma.

Mfano ninaoupenda mimi ni "Turn It On Again" (1980). Ukiusikia redioni ni pop tupu. Sasa jaribu kupiga makofi kwa nne-nne kama ulivyozoea. Utapotea, bwana! Mzunguko wake ni wa mapigo 13. Ufundi wa zamani umo ndani, umefichwa kama mizani katika utenzi wa fundi, ambao msikilizaji hazihesabu, anabebwa tu. Hapo ufupi haukupunguza kitu. Lakini siwatetei katika yote: "In Too Deep" wa 1986, ukiuondolea sauti ya Collins, maneno yake hayana pa kushika. Kibwagizo kikiwa hakina beti za kukibeba ni kelele ya adabu.

Na yule shujaa je? Julai 1986, wimbo ulioingoa "Invisible Touch" kileleni Marekani ulikuwa "Sledgehammer" wa Peter Gabriel mwenyewe. Aliyesemekana kuikimbia biashara alikuwa amefika sokoni, tena akauza kuliko wenzake wiki ile.

Sasa Bagamoyo. Mwaka 1982 Gabriel na wenzake walianzisha tamasha la muziki wa mataifa, WOMAD, kule Shepton Mallet. Tamasha la kwanza likawaangusha katika deni kubwa. Waliomwokoa ni Genesis: tarehe 2 Oktoba 1982 walipanda jukwaani pamoja naye huko Milton Keynes, mvua ikinyesha, ili deni lilipwe. Umati ule ulikuja kwa jina ambalo nyimbo fupi zilikuwa zimelikuza. WOMAD ikaishi, mwaka 1989 ikafuata kampuni ya Real World, na mwaka 1996 Real World ikatoa Chibite ya Hukwe Zawose na Charles Zawose.

Hukwe, Mgogo wa Dodoma aliyefanya makao Bagamoyo na kufundisha katika Chuo cha Sanaa kilichoanzishwa 1981 (TaSUBa tangu 2007), alikuwa amekwishasikika Ulaya kabla ya hapo. Sisemi Collins ndiye aliyemvusha bahari. Ninasema njia aliyopita ililipiwa sehemu na muziki ambao wasomi wa roki waliuita usaliti. Naye Hukwe alikabiliwa na swali lilelile mwaka 2002, alipotoa Assembly pamoja na Michael Brook, ilimba na zeze vikikutana na gitaa na mitambo. Kwa masikio yangu, pale mitambo inapomsubiri mzee albamu inapaa. Pale inapomkimbiza, ninatamani Chibite.

Hukwe alifariki Desemba 2003. Mwaka 2024 binti yake Pendo na mjukuu wake Leah, kwa jina la The Zawose Queens, walitoa Maisha kupitia Real World ileile, nako mitambo imo. Katika kundi la familia, kina mama walizoea kuwa nyuma, wakiitikia. Katika Maisha wao ndio wanaotangulia.