Daftari la Baba Mkubwa

Baba mkubwa alikuwa na duka kando ya barabara ya kupanda Kilema. Kengele ya misioni ilipolia saa sita mchana, aliweka chini mkebe wa kuchotea sukari, akavua kofia, akasali Malaika wa Bwana palepale nyuma ya kaunta. Mteja naye alisimama kimya, hata yule jirani Mlutheri aliyetoka upande wa Marangu. Sala ilipokwisha alirudi kwenye mizani, akaongeza sukari kidogo juu ya kilo iliyokwisha kutimia, akakunja karatasi mara nne bila kuhitaji uzi. Sisi watoto tuliomsaidia dukani wakati wa likizo tulidhani ile nyongeza ni sehemu ya sala.

Amelala kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo, chini ya migomba, hatua chache kutoka mlangoni. Jina lake silitaji, maana mwenyewe hakupenda kutajwa, hata kwenye matangazo ya michango kanisani. Nimekaa kwenye misiba mingi ya Wachagga Wakatoliki, Kilema, Kibosho, Uru na Rombo. Padre husema marehemu alivyosali, watoto husema alivyowalea, nao husema kweli. Lakini mtu wa biashara hujamjua mpaka siku ya kuanua matanga, pale mkubwa wa ukoo anaposimama na kuuliza: nani anamdai marehemu, na nani anadaiwa naye? Hapo ndipo maisha yake yanaposomwa.

Kwetu dini na biashara vilipanda Mlima Kilimanjaro kwa njia moja. Mwaka 1890 mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walifika Kilema wakitokea pwani, mtawala wa huko, Mangi Fumba, akawapa mahali pa kujenga. Walikuja na msalaba, na walikuja na kahawa. Miche ya arabika ilitoka kwenye shamba la misioni ikaingia vihambani, ikapandwa chini ya migomba. Kibosho walifungua misioni mwaka 1893. Walutheri nao wakashika Machame na Marangu, ndiyo maana mpaka leo ukimtajia Mchagga kijiji chako anaweza kukisia unasali wapi. Kufikia mwaka 1925 wakulima walikuwa na chama chao cha kahawa, na mwaka 1933 ukazaliwa ushirika wa KNCU. Fedha ya kahawa ndiyo iliyolipa ada, ikaezeka nyumba kwa bati, na kwa wengine ikawa mtaji wa duka la kwanza.

Ila kihamba hakiongezeki. Kwa desturi mtoto wa kwanza wa kiume hupewa kihamba chake mapema, na kitinda mimba hubaki na wazazi, akawatunza, akarithi nyumba. Hawa wa katikati hutafuta. Wengi husema Mchagga amezaliwa na biashara damuni. Mimi naona amezaliwa wa tatu kati ya wavulana watano, kwenye kihamba cha ekari mbili. Baba yangu, kitinda mimba, alibaki na babu. Baba mkubwa, aliyekuwa wa katikati, alipelekwa Moshi mjini kwa mjomba mwenye duka. Alifagia, akabeba magunia, akalala kwenye stoo miaka minne bila mshahara. Mwishoni mjomba alimwita, akampa bidhaa za kuanzia: sabuni, chumvi, mafuta ya taa, viberiti na majembe. Hawakuandikiana kitu. Aliambiwa tu kwamba siku moja naye atamlea kijana wa mtu mwingine namna hiyo hiyo, na katika maisha yake aliwalea saba.

Miaka migumu ilikuja. Mwaka 1976 vyama vya ushirika vilivunjwa, KNCU nayo ikaenda, na maduka ya watu binafsi yakabanwa ili maduka ya vijiji yasimame. Mwaka 1983 ikaja operesheni ya serikali ya kuwasaka wahujumu uchumi. Rafu za baba mkubwa zilibaki na chumvi na sufuria mbili. Alizipangusa sufuria hizo vumbi kila asubuhi, akafungua duka saa ile ile aliyozoea. Ukimuuliza anafungua kwa ajili gani, alisema watu wakikuta mlango umefungwa watasahau njia.

Kuhusu imani yake nitasema machache, kwa sababu ilikuwa ya kazi kuliko ya maneno. Misa ya kwanza Jumapili, rozari jioni na watoto wote wamepiga magoti sakafuni, samahani mbele ya mama mkubwa kabla ya kulala kama walikuwa wamekwaruzana. Nyumba hiyo haikuwa na siri. Sisi watoto tulisikia samahani hizo kupitia ukuta wa mbao. Watoto wao tisa walibeba majina kwa mpangilio wa kwetu: wa kwanza wa kiume jina la babu mzaa baba, wa pili jina la babu mzaa mama, na mabinti vivyo hivyo kwa bibi zao, kisha juu yake jina la mtakatifu. Kwa hiyo nyumbani kwa Mchagga marehemu haondoki kabisa. Leo kuna mjukuu wa miaka sita anayeitwa kwa jina la baba mkubwa, na bibi yake akitaka kumgombeza humwita kwanza kwa heshima, maana amebeba jina la mumewe.

Alifariki Dar es Salaam, alikokuwa amepelekwa kutibiwa, akiwa amekwisha kupewa mpako wa wagonjwa. Hapa ndipo unapouona ufundi wa jumuiya ndogondogo, ambazo maaskofu wa Afrika Mashariki walizifanya msingi wa Kanisa tangu miaka ya 1970. Alikuwa mgeni mjini, lakini usiku ule ule mwenyekiti wa jumuiya ya mwanawe alifika na watu ishirini, wakasali rozari. Kesho yake wanawake Wakatoliki wa WAWATA walikuwa jikoni, na wenzao wanaume wa UWAKA walikuwa wamekodi viti na turubai. Katekista aliuliza kadi yake ya zaka. Watu hulalamika juu ya kadi hiyo, wakisema Kanisa linauza mazishi, na pale inapotumiwa kumnyima maskini sala hata mimi nalalamika. Kadi ya baba mkubwa ilikuwa imejaa mpaka mwezi ule, kwa mwandiko wake.

Tulisafiri usiku kucha, zaidi ya kilomita 500, jeneza kwenye gari la mbele na sisi kwenye basi nyuma, kina mama wakiimba mpaka sauti zikakauka. Alfajiri tulikuwa Himo, tukaanza kupanda. Wageni hutuuliza kwa nini tunabeba maiti mbali hivyo wakati makaburi yapo Dar es Salaam. Jibu liko kihambani. Pale ndipo kitovu chake kilipozikwa, na kaburi la baba ni hati ya watoto: mahali baba alipolala hapauzwi kwa urahisi, na mtoto aliyepotelea mjini anajua pa kurudi. Wanaume wa ukoo na majirani walikuwa wameshachimba kaburi, udongo mwekundu ukiwa umerundikwa juu ya majani ya mgomba. Kina mama wa kijiji walifika mmoja mmoja, huyu na mkungu wa ndizi kichwani, yule na kibuyu cha maziwa, yule na mzigo wa kuni. Hakuna aliyeombwa.

Wasifu wa marehemu ulisomwa na mwanawe wa kwanza. Lazima niseme kwamba wasifu wetu siku hizi umepoa. Alizaliwa mwaka fulani, alibatizwa, alipata kipaimara, alifunga ndoa takatifu, alikuwa mwenyekiti wa hiki na mweka hazina wa kile, ameacha mjane, watoto na wajukuu kadhaa. Ni kama barua ya kuomba kazi. Hamna sukari ya nyongeza humo, wala zile sufuria mbili zilizopanguswa vumbi. Padre aliyehubiri alimjua, akasimulia vizuri. Lakini wale mia tano waliosimama migombani kila mmoja alikuwa na lake, na wote walikwenda nalo nyumbani bila kulisema.

Lililobaki lilisemwa siku ya matanga. Mbege, pombe yetu ya ndizi, ilikuwa imeiva. Mbege haipikwi leo ikanywewa leo: ndizi ziive, zichemshwe, zichachuke siku kadhaa, ndipo uji wa kimea cha ulezi uchanganywe na gome la msesewe liipe ule uchungu wake. Kwa hiyo siku ya mazishi watu hulia tu. Mbege huwakuta wametulia, na kata ikianza kuzunguka kwa wazee maneno hutoka. Baba yangu alisimama kwa niaba ya ukoo, akauliza swali la madeni. Mwenye lori mmoja alisema anadai mapipa mawili ya mafuta ya taa. Watoto walitazamana, wakalipa palepale, na mzee mmoja akaandika.

Kisha likaletwa daftari. Lilikuwa daftari kubwa la kaunta, jalada limefungwa kwa gundi ya karatasi, kurasa zinanukia sabuni ya mche. Kila mkopo umeandikwa: jina, kitu, bei, tarehe. Baba alianza kusoma ili wadaiwa wajitokeze, akasita, akamwita padre aliyekuwa ameketi na wazee. Pembeni mwa majina mengi palikuwa na msalaba mdogo wa kalamu nyekundu, na baada ya msalaba deni halikuonekana tena mbele. Mama mkubwa ndiye aliyetueleza. Kila Kwaresima, siku moja kabla ya Ijumaa Kuu, mumewe alikaa na daftari usiku, akatafuta wajane, wagonjwa na wale ambao kahawa yao ilikauka, akawawekea msalaba. Hakuwaambia. Walipokuja kulipa aliwaambia ameangalia, hawadaiwi kitu, labda wamekosea hesabu.

Watu walinyamaza. Mwanamke mmoja mzee alisema kwa sauti ndogo, "Aika," yaani asante, akafunika uso kwa kanga. Miaka kumi na zaidi alikuwa amedhani kichwa chake ndicho kilichosahau.

Siku ile ile alikuja jirani wa upande wa juu, ambaye hakusalimiana na baba mkubwa kwa muda mrefu kwa ajili ya mpaka wa shamba na zamu ya maji ya mfongo, mfereji wetu wa kumwagilia. Alishika jani la sale mkononi. Sale ndilo tunalopanda kuonyesha mpaka, na ndilo tunalobeba kuomba msamaha, na kwa Mchagga aliyelelewa vizuri sale halikataliwi. Alipiga goti moja mbele ya mjane, akampa lile jani kwa mikono miwili. Mama mkubwa alilipokea, akaenda kulichomeka kichwani mwa kaburi, kando ya msalaba wa mbao. Padre alitazama bila kusema neno, na nilifurahi. Mapadre wa zamani wangeona upagani. Mimi niliona sakramenti ya upatanisho ikisema kwa lugha yetu.

Jambo la mwisho liliwatikisa wazee kuliko madeni. Wosia ulipofunguliwa, duka alikuwa amemwachia binti yake. Mila yetu haimpi binti kihamba, na hata tamko la sheria za kimila la mwaka 1963 lilimweka nyuma ya kaka zake katika urithi. Sheria za ardhi za mwaka 1999 zimempa mwanamke haki sawa ya kumiliki ardhi, lakini kwenye vikao vya ukoo sheria hizo bado husikika kwa mbali. Wazee wa ukoo walinung'unika: ataolewa, duka litakwenda ukoo mwingine. Mwana wa kwanza ndiye aliyelimaliza. Alisema dada huyu ndiye aliyesimama kaunta miaka yote sisi tukiwa Dar es Salaam na Arusha, na baba aliandika kwa mkono wake mbele ya mashahidi. Muhtasari wa kikao uliandikwa, ukasainiwa, ukapelekwa Mahakama ya Mwanzo pamoja na jina la msimamizi wa mirathi. Nasema wazi: katika yote aliyoyafanya mzee yule, hili naliona zito zaidi. Kusamehe deni la sukari kunamgharimu mtu fedha. Kumpa binti haki yake kunamgharimu amani na ndugu zake, naye alikubali kudaiwa amani hiyo akiwa kaburini.

Sasa ni desturi kwamba kila tarehe 2 Novemba, Siku ya Marehemu Wote, kaburi linafyekwa na kubarikiwa, na kila Desemba mabasi yanapotumwaga Himo na mizigo yetu tunasali kwanza pale kabla ya kuchinja mbuzi. Misa ya nyumbani husomwa tarehe 27 au 28, kabla watu hawajaanza kuondoka. Mwaka jana, baada ya misa, binti alileta daftari mezani na wajukuu wakasoma kurasa chache kwa sauti: viberiti, mafuta ya taa, nusu kilo ya chumvi, msalaba. Walicheka bei za zamani, kisha wakaanza kuuliza huyu ni nani, na yule alikuwa anaumwa nini. Walikaa mpaka giza likaingia.

Madaftari kama hayo yapo kwenye nyumba nyingi za kwetu, kwenye masanduku ya mbao na juu ya dari, yakiliwa na mchwa, au yanachomwa pamoja na takataka nyumba inapopakwa rangi. Ndugu msomaji, kama mzee wako alikuwa na duka, Desemba hii liulizie daftari lake ukiwa bado na mama wa kukusomea majina.