Siri Imo Karatasini

Sanduku la kura tunaloliona Isangi, hapa Kongo, siku ya uchaguzi ni la plastiki inayoonyesha ndani, limefungwa kwa lakiri zenye namba. Kila shahidi wa chama hulikodolea macho. Wana haki yao, ila siri ya kura haikai sandukuni.

Sanduku la namna hiyo ni mtoto wa wizi. Mwaka 1856, huko San Francisco, lilinaswa sanduku la mbao lenye kitako cha uongo, chini yake pakiwa pa kuficha kura zilizokwisha kujazwa. Muda si mrefu Samuel Jollie wa New York akaleta sanduku la kioo, mviringo, ili kila mtu aone karatasi yake ikitua. Wizi ulibanwa, hofu ilibaki palepale. Marekani ya wakati huo kila chama kilijichapishia kura zake, mara nyingi kwa rangi yake, hivyo tajiri aliyesimama mlangoni alijua kibarua wake anampa nani.

Dawa ilitoka Australia mwaka uleule wa 1856: serikali ichapishe karatasi moja yenye majina yote, na mtu aweke alama akiwa peke yake kituturini. Uingereza ilifuata 1872, Ubelgiji 1877. Kuileta dawa hiyo kwetu Wabelgiji hawakuwa na haraka; Stanleyville, Kisangani ya leo, ilichagua madiwani wake mwaka 1958.

Kisha ikaja 1970. Mgombea urais ni Rais Mobutu peke yake: karatasi ya kijani ni matumaini, nyekundu ni machafuko. Hapo sanduku liwe la kioo au la chuma, yote mamoja, rangi imekwisha kusema. Waliomkataa walitangazwa kuwa 157 dhidi ya zaidi ya milioni kumi, na mimi siwalaumu hao milioni kumi. Kenya mwaka 1988, katika mchujo wa chama tawala, iliitupa hata karatasi: watu walipanga mlolongo nyuma ya mgombea, na mahali pengine mwenye mlolongo mfupi akatangazwa mshindi.

Mwaka 2018 tukaletewa mashine ya kupigia kura ya kampuni ya Miru kutoka Korea Kusini: unagusa picha, inachapa kura, unaitia sandukuni. Mabishano mengi yakawa juu ya wizi. Kifungu cha 5 cha katiba yetu kinataka kura ya siri, lakini mzee ambaye hajawahi kugusa skrini huita msaidizi, na msaidizi huyo anaona kidole kimetua kwa nani.