Wimbo wa Kijapani kwa koo la mvuvi wa Remba

Siku za mbalamwezi omena hawavuliwi. Mwangaza wa mwezi huzishinda taa za wavuvi, dagaa hao hawakusanyiki, na kule Remba mitumbwi ya omena hulala ufukweni mpaka giza lirudi. Kisiwa hicho kidogo cha ziwani, cha mawe na mabati, katika Kaunti ya Homa Bay, kimejaa wanaume: Wakenya, Waganda, Watanzania. Usiku usio na kazi mtu hutafuta pa kukaa, spika iliyo karibu na wimbo wa kuitikia. Mara nyingi utakuwa benga, ohangla au rumba ya Kongo.

Mimi ningewaongezea wa Kijapani. Sifanyi mzaha. Nafundisha watu kuimba, na katika nyimbo za kigeni ninazozijua, zile ambazo Wajapani wamezitunga kwa sauti za wanaume ni miongoni mwa zinazomkaa vizuri mdomoni mtu anayezungumza Kiswahili. Sharti ni moja tu: achague kwa kupima koo lake, asifuate umaarufu wa wimbo.

Tuanze na mdomo. Kijapani kina irabu tano kama Kiswahili, na hutamkwa karibu sawa na zetu. Silabi zake karibu zote huishia kwa irabu, na kwa kawaida kila silabi hupewa noti yake. Mwimbaji wa Kiswahili akipewa maneno yaliyoandikwa kwa herufi za Kilatini huyasoma moja kwa moja, jambo asiloliweza kwa wimbo wa Kifaransa hata akae nao wiki. Yapo machache ya kuangalia. Irabu ndefu lazima ivutwe kwa urefu wake kamili, na zile R na L ambazo sisi tunazitofautisha, Mjapani ana sauti moja tu iliyo katikati yake. Tena aache mazoea ya kukazia silabi ya pili kutoka mwisho. Kijapani hakina mkazo wa namna hiyo, na ukiutia, wimbo mzima unanuka uswahili.

Koo ndilo gumu zaidi. Mvulana akibalehe nyuzi zake za sauti hurefuka na kunenepa, sauti ikashuka. Mwanamume akizungumza, nyuzi hizo hutetema mara mia moja na kitu kwa sekunde, na za mwanamke karibu mara mia mbili. Waimbaji wa kwaya wanazijua sauti ya tena (ya juu) na ya besi (ya chini), lakini wanaume wengi hawamo katika yoyote kati ya hizo. Wako katikati, wanapoitwa baritoni, na kwa kuwa kwaya nyingi hazina nafasi hiyo, husukumwa juu wakapiga kelele au hushushwa chini wakanguruma. Halafu wanaambiwa hawana sauti.

Kwa mtu wa namna hiyo, wimbo wa kuanzia ni “Ue o Muite Arukō” wa Kyu Sakamoto, uliotoka mwaka 1961. Mwezi Juni 1963 ulishika nafasi ya kwanza Marekani kwa wiki tatu, ukiwa umepachikwa jina la “Sukiyaki”, ambalo ni chakula na halihusiani kabisa na maneno yake. Unahusu mtu anayetembea peke yake usiku huku ameinua uso ili machozi yasimdondoke, hali ambayo wanaume wengi wataielewa bila kukiri. Muziki aliutunga Hachidai Nakamura, na sehemu kubwa ya lahani yake imekaa juu ya ngazi ya noti tano: do, re, mi, so, la. Zile mbili zinazoachwa, fa na ti, ndizo zinazoleta nusu toni, na nusu toni ndizo huwaangusha waimbaji wasio na mazoezi. Pia kuna sehemu ya kupiga mluzi. Aliyesahau maneno bado ana kazi ya kufanya.

Wa pili ni wa uvuvi wenyewe. Toba Ichiro alizaliwa mwaka 1952 katika mji wa Toba, mkoa wa Mie. Mama yake alikuwa mmoja wa wanawake wapiga mbizi wa pwani ile, na yeye mwenyewe alifanya kazi kwenye meli za uvuvi wa bahari kuu kabla ya kwenda kujifunza kwa mtunzi Funamura Toru. Wimbo wake wa kwanza, “Kyōdai-bune” wa mwaka 1982, unawahusu ndugu wawili wanaovua kwa mashua waliyoachiwa na baba yao, mashua ya zamani ambayo haiogopi dhoruba. Huu ni mtindo wa enka. Si pop ya vijana, ila mpaka leo ni wimbo wa wanaume kuuimba kwa pamoja wakiwa na glasi mkononi. Ugumu wake ni mapambo: sauti huviringwa mwishoni mwa neno, kama kilio kilichozuiwa. Anayeanza aimbe noti zilizonyooka kwanza. Mapambo yatafuata, na yasipofuata wimbo haufi.

Mvuvi aliyezoea benga tayari anaujua muziki unaompa baritoni nafasi. Benga humwachia mwimbaji maneno mengi, kisha sauti zinanyamaza na magita yanachukua uwanja. D. O. Misiani, aliyezaliwa upande wa Shirati, Tanzania, mwaka 1940 na kufariki Kisumu mwaka 2006, aliujenga muziki wa bendi yake ya Shirati Jazz juu ya mpango huo. Sauti ya kwanza na ya pili hutembea pamoja, kwa hiyo baritoni huwa ana mahali pake chini ya mwenye sauti ya juu. Mpiga gita naye akiona mwimbaji anateseka, anasogeza kapo, kibano cha shingo ya gita, na kii, yaani kimo cha wimbo mzima, inabadilika.

Wajapani walilishughulikia tatizo hilo hilo kwa mashine. Daisuke Inoue alikuwa mwanamuziki wa baa mjini Kobe, kazi yake kuwapigia wateja walipotaka kuimba. Mwaka 1971 alitengeneza kisanduku cha kanda kilichopiga muziki bila mwimbaji, mteja akatia sarafu na kuimba mwenyewe. Hakuomba hataza. Mashine zilizokuja baadaye zikawekewa kitufe cha kupandisha na kushusha kii, na mimi kitufe hicho nakithamini kuliko vipaza sauti vyote vya bei. Siku hizi programu za simu hufanya hivyo pia, na kasi ya wimbo haibadiliki.

Namna ya kukitumia kitufe hicho ni hii. Usianze na ubeti, anza na kiitikio, kwa sababu karibu kila mara noti ya juu kabisa iko hapo. Ukilazimika kuinua kidevu ili uifikie, shusha kii nusu toni mbili, jaribu tena. Kisha rudi kwenye ubeti uone kama noti za chini bado zinasikika au zimegeuka pumzi tupu. Mtu aliyeshinda ziwani akipaza sauti juu ya kelele za injini ya boti ili mwenzake amsikie, siku hiyo aungurume taratibu mdomo ukiwa umefungwa, anywe maji, aimbe kesho. Pombe hailainishi koo. Hulikausha, na humfanya mtu asisikie kwamba limekauka.

Ukitaka wimbo wa kundi, tafuta “Shimanchu nu Takara” wa BEGIN, wa mwaka 2002. Hao ni wanaume watatu kutoka Ishigaki, kisiwa cha mkoa wa Okinawa kilicho karibu zaidi na Taiwan kuliko Tokyo, na maneno yake yalichotwa kutoka kwa wanafunzi wa shule moja ya kisiwani humo walioulizwa juu ya hazina ya kwao. Unapigwa na sanshin, chombo cha nyuzi tatu, na waitikiaji wana vibwagizo vyao vya kushangilia ambavyo hata mlevi atavipatia. Kwa watu wa kisiwa, huu ndio ninaoupendekeza kuliko yote.

Kubadilishana muziki na Wajapani si jambo geni ziwani. Eriko Mukoyama alitoka Tokyo akaja Siaya kujifunza nyatiti, chombo cha nyuzi nane ambacho kwa desturi ya Wajaluo kilikuwa cha wanaume, na leo anajulikana kwa jina la Anyango. Anakipiga huku akiimba Kijaluo, gara, yaani njuga, zikilia mguuni, na pete ya chuma ya kidole cha mguu ikigonga ukingo wa chombo. Yeye alivuka mpaka mgumu zaidi ya huu ninaowashauri wavuvi wauvuke.

Vijana watauliza kuhusu “Pretender” ya bendi ya Official HIGE DANdism, ya mwaka 2019. Ni wimbo mzuri, lakini kiitikio chake kiko juu sana, mahali ambapo mwimbaji wake, Satoshi Fujihara, hufika kwa sauti aliyozaliwa nayo na kuifanyia mazoezi. Baritoni auimbe kwa kii iliyoshushwa nusu toni nne au tano, au amwachie kijana wa tena.