LORI HALIWAKI BAADA YA OVAHOO: TUTAFUTE KOSA KABLA YA KUMTAFUTA MKOSAJI



Lori la shamba likilala, kazi ya wengi inalala nalo. Majani mabichi ya chai yakikaa ndani ya magunia hupata joto na kuharibika, na mchumaji anayelipwa kwa kilo huwa wa kwanza kupata hasara. Kwa hiyo habari ya injini si ya mafundi peke yao.

Mara kwa mara chama chetu huletewa shauri la namna moja. Injini imefanyiwa ovahoo: pistoni mpya, ringi mpya, beringi mpya. Siku ya kuiwasha inakataa, na kabla ya saa moja kupita fundi amekwisha kuitwa mzembe. Katika shamba moja la chai magharibi mwa Uganda, mafundi wawili walipewa barua za kusimamishwa kazi asubuhi. Mchana mwenzao alikuta waya wa kuzimia injini umenasa upande wa kuzima. Alipouachia, injini iliwaka. Lakini barua zile zilikaa wiki tatu kabla ya kufutwa.

Tumewauliza mafundi wenzetu wa siku nyingi namna ya kutafuta kosa kwa utaratibu. Haya ndiyo waliyotueleza kuhusu injini ya dizeli.

1. MKONO KWANZA. Kabla ya stata, zungusha krankshafti kwa spana mizunguko miwili kamili. Ikigonga na kukataa, usilazimishe. Huenda valvu inapiga pistoni, na stata itaipinda.

2. STATA. Betri ijae, na waya wake ufungwe kwenye chuma kisicho na rangi wala kutu. Dizeli haiwashwi kwa plagi kama petroli. Huwashwa na joto la hewa iliyobanwa sana. Injini ikizunguka polepole, joto hilo halipatikani. Usishike stata zaidi ya nusu dakika. Ipumzishe dakika mbili.

3. HAKUNA MOSHI. Stata inazunguka vizuri lakini ekzosi haitoi moshi hata kidogo: dizeli haifiki. Tazama waya wa kuzimia, tangi na filta, kisha toa upepo. Legeza skrubu ya filta, piga pampu ya mkono mpaka dizeli itoke bila mapovu, ndipo ukaze. Fanya vivyo hivyo kwenye nati za paipu za nozeli huku mwenzako akizungusha stata. Usiweke mkono mbele ya dizeli inayoruka: nguvu yake hutoboa ngozi. Ikikuingia, nenda hospitali siku hiyohiyo, hata kama tundu ni dogo.

4. MOSHI MWEUPE. Dizeli inafika lakini haichomeki. Hapo shuku taiming. Krankshafti huzunguka mara mbili kamshafti ikizunguka mara moja. Hivyo pistoni ya kwanza hufika juu mara mbili: mara moja imebana hewa, mara nyingine inatoa moshi. Alama ya flaiwili ni ileile zote mbili, na pampu inaweza kufungwa kwenye mzunguko usio wake. Kwa injini ya silinda 6 za mstari mmoja, tazama valvu za silinda ya 6. Zikiwa zinapishana, moja ikifunga na nyingine ikifungua, silinda ya 1 ndiyo iliyobana hewa.

5. KOMPRESHENI. Tapeti zikikazwa mno, valvu hazifungi na hewa hutoroka. Pima kwa fila geji kama kitabu cha injini kinavyosema. Tazama pia kama kitambaa hakikusahauliwa kwenye njia ya hewa.

Sasa tuwaulize wakubwa wa karakana: kitabu hicho kiko wapi? Mara nyingi kimefungiwa ofisini. Fila geji hakuna, taa ni moja, na fundi ameamriwa lori litoke kabla ya alfajiri. Kosa la namna hiyo halikuzaliwa na mkono wa fundi peke yake.

Kwa wenzetu wa Uganda, Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri, kabla ya kumfukuza mtu kwa utovu wa nidhamu au kazi mbovu, amweleze sababu kwa lugha anayoielewa. Mfanyakazi ana haki ya kuwa na mtu aliyemchagua mwenyewe wakati wa maelezo hayo, na ya kusikilizwa. Basi mwiteni mwakilishi wa chama.

Na ninyi mafundi, andikeni katika daftari kila kazi: tarehe, kipimo cha tapeti, alama za pampu, na kifaa mlichoomba mkanyimwa. Siku ya shauri, daftari hilo litasema kwa niaba yenu.

Ukurasa huu ubandikeni ukutani mwa karakana.